Kwa nini pikapu za Thika na Ruiru husimama juu

Leo naweka programu kando kidogo (kidogo tu!) nizungumzie magari.

Miezi michache iliyopita mjomba alinituma kwenye gereji moja ya jua kali pale Thika nikamchukulie pikapu yake, Hilux ya kabini mbili. Alikuwa ameipeleka iongezwe jani moja la springi kila upande wa nyuma, mbele iwekewe spesa juu ya springi, kisha ivalishwe matairi makubwa. Rimu alikataa kubadilisha. "Rimu hazijaharibika, nizibadilishe za nini?" Ndivyo alivyo mjomba. Nilipofika nikaizunguka, nikamtania fundi: "Mzee, hii mmeipandisha kama ya sinema." Yule mzee, mikono imejaa grisi, akanijibu bila kuniangalia: "Kijana, hatujaipandisha. Tumeirudisha."

Sikumwelewa siku hiyo. Nikakaa na neno lake, nikasoma, nikapima, nikapiga hesabu. Sasa naamini mzee alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Ila kuna jambo moja ambalo yeye, mimi na mjomba tulikuwa tumelisahau sote. Nitafika huko, tulieni.

Tuanze na tope. Anayeijua Thika na Ruiru kwa dirisha la matatu tu anajua lami. Ukiacha barabara kuu ukaelekea magharibi, upande wa Gatundu, unakutana na udongo mwekundu wa milimani, ule unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Ukielekea mashariki, Munyu, Gatuanyaga na kushuka mpaka Ngoliba, unakutana na udongo mweusi ambao mafundi wa barabara huuita blakikotoni. Huu hauteleshi tu, unanata. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kujaza matairi mpaka gurudumu linakuwa duara la udongo. Gari likizama humo, kinachokwama kwanza si bodi. Ni difu, lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Shikeni hapo, kwa sababu historia yote ninayotaka kuieleza imening'inia kwenye difu.

Zamani mizigo ya Thika ilikokotwa na maksai. Kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, kilicholipa jina la mji huu sifa ng'ambo, kinaanza na familia ya walowezi ikija Thika kwa mkokoteni wa maksai. Magurudumu ya mikokoteni ile yalikuwa marefu, na si kwa urembo: gurudumu refu hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia. Mwaka 1913 reli ilifika Thika kutoka Nairobi (wakaiita tramu, ijapokuwa ilikuwa reli kamili, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine). Reli ilimaliza shida ya kutoka Thika hadi Nairobi. Shida ya kutoka shambani hadi Thika ikabaki palepale.

Hapo ndipo ikaingia pikapu ya kwanza ya Kenya, ingawa haikuitwa hivyo. Walowezi walichukua gari kama Ford Model T, wakaliwekea sanduku la mbao nyuma, wakaliita boksibodi. Sasa tazama namba. Tairi la kawaida la Model T lilikuwa la kipimo cha inchi 30 kwa 3½. Inchi 30 ni kipenyo cha tairi zima, yaani sentimita 76. Katikati ya ekseli ilisimama kama sentimita 38 kutoka ardhini. Gari la mwaka 1908, lililoundwa kwa ajili ya barabara mbovu za vijijini Marekani, liliingia kwenye tope letu likiwa na miguu mirefu tayari.

Ruka miaka hamsini, sitini. Kenya imepata uhuru, mkulima wa kahawa au mananasi anataka gari lake mwenyewe. Anaweza kununua nini? Pesa ikiruhusu, Land Rover. Tena Land Rover zilikuja kuunganishwa papo hapo Thika: kampuni ya Leyland Kenya ilianzishwa mwaka 1974 kwa ubia wa serikali na British Leyland, ikabadilishwa jina baadaye kuwa Kenya Vehicle Manufacturers, KVM. Land Rover ndefu ya inchi 109 ilikanyaga tairi la 7.50-16, kipenyo karibu sentimita 80. Hiyo ni Model T na ziada.

Lakini wangapi walimudu Land Rover? Wengi walinunua Datsun 1200. Nani asiyeikumbuka? Ndogo, nyepesi, injini haichoki, na fundi yeyote aliijua kama anavyojua mfuko wake. Ilikanyaga rimu ya inchi 12. Tairi la 155R12 lina kipenyo cha sentimita 55 hivi. Gawanya kwa mbili: katikati ya ekseli iko sentimita 27 na nusu kutoka ardhini. Ukilinganisha na boksibodi ya mlowezi, umepoteza zaidi ya sentimita kumi chini ya difu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipomwelewa yule mzee. Barabara ya shamba haikubadilika, gari ndilo lililofupishwa. Lilifupishwa na mhandisi wa Japani aliyekuwa akifikiria lami ya Japani, na hakukosea, ile ndiyo kazi aliyopewa. Fundi wa Thika aliyeliinua alikuwa akilirudisha kwenye urefu ambao ardhi hii iliudai tangu enzi za maksai.

Sasa, alilirudishaje? Hili linahitaji tuelewe biashara ya magari ilivyokuwa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilitaka magari yaunganishwe nchini ili kuokoa fedha za kigeni. Zikawa karakana kubwa tatu: Leyland hapa Thika, General Motors Kenya kule Nairobi (tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa), na Associated Vehicle Assemblers, Mombasa. Magari yalikuja vipande vipande ndani ya kreti. Baadhi ya vitu havikuletwa kwa kuwa vilitengenezwa hapahapa, na miongoni mwake ni viwili vinavyotuhusu: majani ya springi na matairi. Firestone East Africa, iliyosajiliwa 1969, ilikuwa na kiwanda chake Nairobi. Baadaye ikawa Sameer Africa, wenye matairi ya Yana, mpaka kiwanda kilipofungwa 2016.

Kwa hiyo fundi wa jua kali alikuwa na vitu viwili mkononi: jani la springi na tairi. Rimu ilikuja na gari na ikabaki na gari. Haiishi kama tairi, na imefungwa na mambo mengi: idadi ya bolti, umbali kati ya bolti, upana wa drami ya breki. Kwa lugha yetu sisi wa programu, rimu ndiyo kiolesura. Unaweza kubadilisha kilicho ndani na kilicho nje, lakini ukigusa kiolesura lazima uguse kila kitu. Mjomba hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini kanuni hiyo anaijua!

Jani lilitangulia, na lilikuja kwa sababu ya mzigo zaidi ya tope. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zile walizotakiwa kuwa nazo, na matatu nyingi za enzi hiyo zilikuwa pikapu zilizojengewa bodi nyuma, Peugeot 404 zikiwa miongoni mwake. Pikapu iliyopangiwa mzigo wa kiasi fulani ikawa inabeba watu na magunia na kuku wao. Springi zikalala. Dawa ikawa jani la ziada, au kuyapasha moto majani ya zamani na kuyapinda upya kwa nyundo. Wakati Shirika la Kazi Duniani linatoa ripoti yake maarufu ya 1972 kuhusu ajira Kenya, ile iliyowafundisha wachumi kusema "sekta isiyo rasmi", mafundi wa namna hii walikuwa kazini zamani. Ripoti iliwapa jina tu.

Mabingwa wa jani ni watu wa miraa. Ukisimama kandokando ya barabara ya Thika jioni zile za miaka ya 1990 na 2000, ungeziona Hilux zikishuka kutoka Maua na Meru, turubai limefungwa, gari limelala sambamba kabisa na barabara kwa kasi ya kutisha. Miraa ina saa: baada ya siku mbili hivi imepoteza nguvu, na ndege ya Wilson haimsubiri mtu. Kesho yake asubuhi gari lilelile linapanda tupu, mkia juu, pua chini. Ule mkia juu ndio jani la ziada linaloonekana bila mzigo wake. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na siku hizi Probox zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile (nazo zimeinuliwa nyuma, angalia vizuri utaona). Lakini vijana wengi wa Ruiru waliokuwa wadogo wakati ule walijifunza kuwa pikapu yenye heshima ni ile iliyoinua mkia. Hivyo hitaji likageuka mtindo. Mashindano nayo yalichangia: Safari Rally tangu 1953, na Rhino Charge tangu 1989, ambako mshindi si mwenye kasi bali aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata kama ni juu ya mawe. Watu waliona magari marefu yakishangiliwa.

Lakini jani lina udhaifu mmoja ambao vijana wengi hawaambiwi. Jani linainua chesi na bodi. Haliinui difu hata milimita moja! Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye gurudumu, na kitu pekee kinachoiinua ni tairi refu zaidi. Na kwa kuwa rimu ni ileile ya kiwandani, urefu wote wa ziada lazima utoke kwenye ukuta wa tairi. Kwa bahati nzuri hilo linafaa kwa tope: ukuta mrefu unaweza kupunguzwa upepo, tairi likalala na kukanyaga eneo pana. Kwa hiyo tairi huinua difu, na springi huinua bodi ili tairi jipya lipate nafasi ya kuzunguka bila kula madigadi. Mambo mawili tofauti, kazi moja. Biashara hii ilishamiri baada ya soko kufunguliwa mapema miaka ya 1990, mitumba ya magari na matairi ya kila kipimo ikaanza kuingia. Fundi aliyekuwa na vipimo vichache akawa na kabati zima la kuchagua.

Sasa ile hesabu niliyowaahidi. Tairi la kiwandani la Hilux ya mjomba limeandikwa 265/65R17. Maana yake: upana milimita 265, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17. Ndiyo, milimita, asilimia na inchi kwenye mstari mmoja. Anayelalamika kuhusu miundo ya tarehe kwenye hifadhidata aje aone hii!

265 × 0.65 × 2 + 17 × 25.4 = milimita 776

Tairi jipya ni 285/70R17:

285 × 0.70 × 2 + 17 × 25.4 = milimita 831

Kipenyo kimeongezeka milimita 55 kasoro kidogo, kwa hiyo difu imepanda nusu yake, sentimita 2.7. Rimu ya kiwandani ina upana wa inchi 7 na nusu, na huo ndio mwisho wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa tairi hilo. Inaingia, lakini haina cha kusaza. Ukitaka pana zaidi ya hapo, kiolesura kinakataa.

Na tazameni tena zile namba: boksibodi 76, Datsun 55, Land Rover 80, Hilux ya mjomba sasa 83. Tumerudi, tena tumepita.

Uwiano wa vipenyo ni 1.07. Kila gurudumu likizunguka mara moja, gari linakwenda asilimia 7 zaidi ya gari linavyofikiri. Nikatarajia spidomita ikisema 100 niwe kwenye 107. Nikachukua rununu yenye GPS, nikajaribu kati ya Ruiru na Juja asubuhi ya Jumapili. Ikasoma 102! Nilidhani nimekosea hesabu. Kumbe spidomita za kiwandani huzidisha makusudi: kanuni za kimataifa zinakataza isome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo watengenezaji huacha akiba. Tairi kubwa limekula ile akiba yote na kuchukua ziada kidogo. Kihesabu kilomita hakina akiba kama ile. Kikisema 5,000 na mjomba anaenda kubadilisha oili, amekwenda 5,350. Injini nayo inavuta kama iliyopandishwa gia kidogo, na mzigo mlimani unalijua hilo kabla ya dereva.

Mpaka hapo ningesema sawa, ni makosa madogo ya vipimo, mtu anaweza kuishi nayo. Sasa lile tulilosahau.

Wiki ya pili nilimsaidia mjomba kusafirisha magunia kumi ya chakula cha ng'ombe kutoka Ruiru. Tukashika barabara kuu. Baada ya Juja, kwenye mteremko wa Mto Ndarugo, matatu iliyokuwa mbele ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki. Pua ikazama, usukani ukatetemeka, na gari likaendelea kwenda, na kwenda... Tulisimama pengine mita mbili nyuma ya ile matatu. Mjomba hakusema kitu mpaka tukafika Thika.

Jumatatu nikalala chini ya gari na tochi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye mkono mrefu wa chuma. Vali imefungwa kwenye chesi, ule mkono umeunganishwa na ekseli. Kazi yake ni hii: gari likibeba mzigo, chesi hushuka karibu na ekseli, mkono unainuka, vali inafungulia breki za nyuma nguvu zaidi, kwa sababu sasa kuna uzito wa kuzifanya zishike. Gari likiwa tupu, chesi iko juu, vali inazibania breki za nyuma zisikamate magurudumu yakateleza. Ni akili sana, ila mmeona tatizo? Vali haipimi mzigo. Inapima urefu, na inaamini kuwa urefu ni mzigo. Tangu gari litoke kiwandani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Siku tulipoongeza jani tuliyatenganisha. Nilipakia magunia kumi, na vali ikaripoti kuwa gari ni tupu.

Mimi kazini nimeandika makosa ya namna hii si mara moja: kutumia kigezo kimoja badala ya kingine kwa kuwa "siku zote vinalingana". Seva hulalamika, unarekebisha, unakunywa chai. Kwenye mteremko wa Ndarugo hakuna pa kulalamikia.

Na hapa nataka kuwa mkweli kuhusu ule mtindo tunaousifu. Fundi aliyeinua Datsun mwaka 1978 aliinua gari ambalo lingekwenda kilomita 40 kwa saa kwenye murami, na hatari yake kubwa ilikuwa kulala porini. Barabara kuu ya Thika ilianza kupanuliwa 2009 na kufunguliwa Novemba 2012, kilomita 50 hivi, njia nane kwenye sehemu zake pana. Gari lilelile lililorudishwa kwa ajili ya tope sasa linatumia dakika kumi kwenye tope na dakika arobaini kwenye lami, kwa mwendo ambao boksibodi haikuwahi kuuota. Kitovu cha uzito kiko juu zaidi, taa za mbele zinawapiga wenye magari madogo machoni, na kuna vali moja inayoripoti uongo. Mimi sisemi watu wateremshe magari yao. Anayesema hivyo aende Munyu mwezi wa Aprili na salun yake, tutamkuta hukohuko mwezi wa Juni.

Nilirudi kwa yule mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, hata picha za vali nilizichapisha. Akazitazama muda mrefu. "Hii Datsun haikuwa nayo," akasema. Kisha akaingia kibandani, akatoka na kipande cha chuma bapa, akapima pengo kwa vidole, akakata, akatoboa, akachomelea kishikilio kinachoinua mahali mkono ule unapofungwa kwenye ekseli, kwa urefu uleule tulioinua springi. Hakunilipisha. Tukapakia magunia tukajaribu kwenye njia ya nyuma isiyo na magari. Safari hii nyuma ilishika.

Mjomba bado hataki kusikia habari ya rimu mpya. Ila ameniomba nimwandikie kwenye karatasi ile namba ya 5,350, ameibandika ndani ya kisanduku cha gari.